Mwacheni Mpiga Piano na Siri Yake

Novemba mwaka jana, kwenye onyesho la kufunga mwaka, mwanafunzi wangu wa miaka 11 aliinua mikono kutoka kwenye piano katikati ya kipande alichokuwa akikipiga, akashuka jukwaani, akaenda kukaa karibu na mama yake. Hakuwa amekosea. Nota zote alizijua. Tulikuwa nazo tangu mwezi wa nane. Kilichomshusha ni sauti ya mshereheshaji.

Alikuwa anapiga walsi fupi ya mtunzi Mfaransa Erik Satie, ya mwaka 1913, ambayo jina lake tunaweza kulitafsiri Walsi ya Chokoleti ya Lozi. Ni kipande cha watoto: mikono inatulia mahali pamoja, vidole vitano huku na vitano huku, vibao vyeupe vitupu. Lakini kati ya nota Satie ameandika kisa kidogo kinachokwenda sambamba na muziki. Mama anampa mwanawe chokoleti na kumwambia aiache iyeyukie mdomoni. Mtoto anashtuka, anasema ndani yake mna mfupa. Mama anamweleza kuwa si mfupa, ni lozi. Mtoto anataka amalize boksi zima, mama anamkatalia kwa upole asije akaugua, na mtoto anapiga miguu chini kwa hasira. Walsi inaishia hapo.

Mimi ndiye niliyemwandikia binti yule tafsiri ya kisa hicho kwa penseli, juu ya maneno ya Kifaransa, ili ajue anapiga nini. Mshereheshaji alisogea kumfunulia kurasa, akayaona maneno, akaona yanachekesha. Kwa nia njema kabisa alishika kipaza sauti akaanza kuyasoma kadiri mtoto alivyoendelea kupiga. Ukumbi ukacheka. Alipofika kwenye mfupa, watu wakapiga makofi, na mzee mmoja wa safu ya mbele akarudia neno hilo kwa sauti, “mfupa!”, watu wakacheka tena. Hapo ndipo vidole vilipoinuka.

Tulipotoka nje nilimwuliza kulikoni. Alinijibu, “Mwalimu, walikuwa wanamcheka yule mtoto.” Hakusema wanamcheka yeye. Alisema yule mtoto, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani amwangalie kwa saa moja, akarudi akakuta wenzake wanamzomea.

Ninafundisha piano nyumbani kwangu Upanga, huu ni mwaka wa 22, na maneno yale ndiyo yaliyonikalisha kuandika makala haya. Nina jambo moja la kusema kwa walimu wenzangu, kwa wazazi na kwa wanaoandaa maonyesho. Maneno ya ajabu ambayo Satie aliyaandika kwenye dansi zake za piano si ya ukumbi. Ni ya mpigaji peke yake. Ukiyasoma kwa sauti unamnyang’anya mpigaji kitu alichopewa yeye, na msikilizaji humpi chochote zaidi ya kicheko cha nusu dakika.

Hili silisemi kwa mamlaka yangu. Satie mwenyewe alilisema. Katika kazi yake ya piano ya mwaka 1914 iitwayo Heures séculaires et instantanées, aliweka onyo kwa yeyote yule: ni marufuku kusoma maneno kwa sauti wakati muziki unapigwa, na atakayekaidi atakutana na ghadhabu yake. Wengi hulichukulia onyo lile kama mzaha mwingine wa mtu aliyezoea mizaha. Mimi nimeishi na vipande vyake miaka mingi, na nimeamini kwamba pale alikuwa anazungumza kwa dhati kabisa.

Erik Satie alizaliwa mwaka 1866 huko Honfleur, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 6, akapelekwa kulelewa na babu na bibi yake, na masomo yake ya kwanza ya muziki aliyapata kwa mpiga kinanda wa kanisa. Alipofika shule kuu ya muziki ya Paris, walimu hawakumwona kuwa mtu wa maana. Mmoja wao alimwita mwanafunzi mvivu kuliko wote. Aliondolewa, akarudishwa, mwisho akaondoka mwenyewe. Akapata riziki ya kupiga piano katika kilabu za Montmartre, kama ile maarufu ya Chat Noir, ambako watu walikunywa na kuzungumza huku yeye akipiga. Mwaka 1888, akiwa na miaka 21, alitunga vile vipande vitatu viitwavyo Gymnopédies, ambavyo msomaji wangu bila shaka amewahi kuvisikia kwenye filamu au tangazo bila kujua ni vya nani. Jina hilo linatokana na sherehe ya kale ya Wasparta, ambamo vijana walicheza. Kwa hiyo hata zile ni dansi, ingawa zinakwenda polepole kiasi kwamba hakuna mguu unaoinuka.

Dansi zisizochezeka na mguu: hilo lilimshika maisha yake yote. Mwaka 1893, alipokuwa kwenye mapenzi na mchoraji Suzanne Valadon, mapenzi yaliyodumu kama miezi sita na ambayo hayajulikani kufuatiwa na mengine, alitunga Danses gothiques, dansi 9 fupi. Alizitunga apate utulivu wa roho, naye akaziita novena, yaani sala ya siku 9. Ukisoma vichwa vya dansi hizo unakutana na mambo ya mtu aliyepiga magoti: moja ni kwa ajili ya marehemu maskini, nyingine inahusu kusamehe matusi aliyotendewa mtu, nyingine ni ya wakati wa huzuni kubwa. Anayesema Satie aliandika maneno kwa ajili ya kuchekesha tu, na azisome hizo. Mtu yuleyule, kwa kalamu ileile, aliandika sala na akaandika chokoleti. Na kote kuwili mlengwa ni mmoja: aliyekaa mbele ya vibao.

Dansi ninazozipenda kuliko zote ni tatu za mwaka 1897. Zimo ndani ya mkusanyo uitwao Pièces froides, yaani Vipande Baridi, na jina lake ni Danses de travers. Nimelitafuta neno la Kiswahili la de travers kwa muda mrefu, na sasa nasema Dansi za Kombo. Wakati ule Satie alikuwa anaishi Montmartre, mtaa wa Cortot, katika chumba kidogo ambacho yeye mwenyewe alikiita kabati. Miaka miwili kabla yake alikuwa amenunua suti 7 za mahameli za namna moja, akazivaa mfululizo miaka na miaka. Mwaka mmoja baada ya dansi hizo umaskini ulimhamisha Paris kabisa, akaenda Arcueil, kitongoji cha wafanyakazi kusini mwa jiji, na kutoka huko alitembea kwa miguu karibu kilomita 10 kwenda kazini na kurudi usiku. Waliomfahamu wamesimulia kwamba alisimama chini ya taa za barabarani ili aandike yaliyomjia njiani.

Mimi nilikutana na Dansi za Kombo mwaka 2003. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vyake vibarazani, na ndani ya kisanduku cha vitabu vya mapishi mlikuwa na kitabu chembamba cha nota chenye ukungu pembeni. Nilikinunua kwa bei ya kitabu cha mapishi. Piano yangu ni ya wima, ya zamani, na hewa ya bahari haina huruma nayo. Masika yote naiwashia taa ndogo ndani yake unyevu usiuvimbishe mti na vibao visikwame. Siku ile niliifungua, nikaweka kitabu, nikaanza kupiga.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Nilijifunzia kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga, na baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Kwa baba nota zilikuwa na amri nne: haraka, polepole, kwa nguvu, laini. Hizo ndizo amri nilizozijua na kuzifundisha. Kumbe kuna mtu aliyeandika nota zenye kukuzungumzisha. Dansi ya kwanza, mahali ambapo watunzi wengine wangeandika mwendo, imeandikwa ipigwe kwa kuangalia mara mbili. Ya pili inasema tu kupita. Ya tatu inasema tena. Na ndani ya kurasa za mkusanyo ule utakuta mpigaji anaambiwa atumie pembe ya mkono, au aupike muziki kidogo, au aonekane kwa muda mfupi. Hayo yote yameandikwa bila alama ya mshangao, bila maelezo, kama mtu anayekunong’oneza huku akitazama mbele.

Nota zenyewe hazina ile mistari ya wima inayogawa mapigo. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu moja-mbili-tatu hana pa kushika. Mkono unaanza chini kwa sauti moja nzito, kisha unapanda ngazi ya sauti laini zinazofuatana bila kukoma, na juu yake wimbo unaelea, nota moja ndefu baada ya nyingine. Mwendo haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali unapofikia. Unatarajia ngazi ikushushe kwenye kizingiti cha nyumba unayoijua, mguu unakanyaga baraza la jirani. Si kosa, na baraza ni zuri, ila siko ulikokuwa unakwenda. Huo ndio ukombo wake. Na dansi zote tatu zimeshonwa kwa kitambaa kimoja, hata msikilizaji asiye makini atauliza kama ya kwanza imeanza upya. Satie alikuwa mtoto wa bandari, nami kila nikizipiga naiona mashua iliyopwelewa mchangani, mtu anaizunguka: kwanza ubavu, kisha tezi, kisha omo. Mashua ni ileile. Aliyesogea ni mtazamaji.

Nimesema ninaiona mashua. Mwingine haoni mashua, na Satie hakuandika mashua. Aliandika uangalie mara mbili, akaacha cha kuangalia ukitafute mwenyewe.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lina faida katika kazi, maana sitaki ionekane ni ndoto za mwalimu mzee. Mwambie mtoto wa miaka 12 apige nota fulani kwa nguvu kidogo. Ataipiga kama anaua mbu. Mwambie apunguze. Nota itapotea kabisa. Unaweza kuitumia saa nzima hapo, wewe ukisema zaidi, yeye akizidisha, wewe ukisema punguza, yeye akizima. Sasa mwonyeshe maneno yanayomtaka aonekane kwa muda mfupi. Mtoto ananyamaza. Anainua kidevu kidogo. Mkono unashuka kwa uzito wake wenyewe, ile nota inatokeza juu ya nyingine kama mtu anayechungulia dirishani, kisha inarudi ndani. Sikumfundisha uzito wala pembe ya kifundo cha mkono. Alikuwa na kitu cha kufanya, na mwili wake ukajua namna.

Nimeona hivyo kwa watoto zaidi ya 30, na nimeona kwa watu wazima. Nina mwanafunzi mmoja, mhasibu mstaafu, aliyeanza piano akiwa na miaka 58. Anapiga walsi tatu za Satie za mwaka 1914, Les trois valses distinguées du précieux dégoûté, zinazomhusu mtanashati mmoja anayejipenda mno: ya kwanza kiuno chake, ya pili miwani yake, ya tatu miguu yake. Kila moja imetanguliwa na maneno ya mwandishi mkubwa, La Bruyère, Cicero na Cato, na ndani yake kuna kisa. Kisa cha walsi ya pili kinamsifu bwana yule kwa jinsi anavyoisafisha miwani yake kila siku; alipewa na mwanamke mzuri, ina kumbukumbu nyingi. Halafu ghafla anaingiwa na huzuni kubwa, kwa sababu ameupoteza mfuko wa miwani.

Ukilisoma hilo kwa kipaza sauti watu watacheka: mtu mzima anahuzunikia mfuko wa miwani. Lakini mhasibu wangu akifika pale, kila wiki, hupunguza mwendo. Hukaa kwenye nota ile muda mrefu kidogo kuliko ilivyoandikwa. Huu ni mwaka wa nne sijamrekebisha, na sijamwuliza. Ninachojua ni kwamba mahali pale pana kitu chake, na kwamba walsi ile, katika mikono yake, ina uzito ambao siusikii kwenye rekodi nilizonazo za wapiga piano walio mabingwa.

Hiyo ndiyo siri ninayoitetea. Muziki wa piano hauna maneno kwa msikilizaji. Msikilizaji anapokea sauti tupu na kuijaza mwenyewe. Lakini mikono ya mpigaji haiwezi kupiga utupu. Lazima mtu awe na kitu anachokishikilia ndani wakati anapiga, na kitu hicho kikitajwa hadharani hukoma kuwa chake. Sisi watu wa pwani na bara tunaelewa nguvu ya maneno yaliyoandikwa mahali pa ajabu. Kanga ina jina lake karibu na pindo, na jina hilo limeandikwa ili lisomwe. Aliyevaa anajua nani atalisoma na atajisikiaje. Maneno ya Satie ni kanga iliyoandikwa upande wa ndani, ule unaogusa mwili. Anayeivaa anajua imeandikwa nini. Mpita njia anaona namna anavyotembea, na hiyo inamtosha.

Nimezungumza na wenzangu kuhusu suala hili na hoja zao nazijua.

Wa kwanza wananiambia: ni mizaha tu, Satie alikuwa mtu wa vituko, usiyabebe maneno yake kama msahafu. Mimi nawajibu kwa maisha yake. Mwaka 1905, akiwa na miaka 39, mtu huyu anayedaiwa kuwa wa vituko alirudi shule. Alijiandikisha Schola Cantorum ya Paris, akakaa darasani na vijana, akasomeshwa kanuni za kupanga sauti na Albert Roussel, ambaye alikuwa mdogo wake kwa umri, na mwaka 1908 akahitimu kwa sifa ya juu. Baada ya hapo, si kabla, ndipo alipotunga vipande vyenye maneno mengi zaidi. Aliujua muziki wa kawaida barabara, akachagua njia nyingine. Claude Debussy, rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa ameshazipangia Gymnopédies mbili kwa ajili ya okestra. Maurice Ravel alisimama mwaka 1911 kupiga kazi zake mbele ya hadhara ya Paris. Watu wale hawakuwa wakipoteza muda na mchekeshaji.

Na kule Arcueil, kitongoji cha maskini, Satie aliwafundisha watoto wa wafanyakazi kusoma nota na kuwapeleka matembezi. Mwaka 1909 serikali ilimpa nishani kwa huduma zake kwa wakazi wa pale. Mtu anayewafundisha watoto nota anajua kitu kinachomfanya mtoto apige vizuri. Chokoleti ya lozi haikuandikwa na mtu aliyewaona watoto kwa mbali. Imeandikwa na mtu aliyewahi kumwona mtoto akipiga miguu chini.

Wa pili wananiambia: hadhira yetu haimjui Satie, waandaaji wana wajibu wa kuwasaidia watu waelewe. Nakubali, na nasema wasaidiwe kabla. Mshereheshaji aseme jina la mtunzi, mwaka, mji, jina la kipande, hata aeleze kwamba mtunzi aliandika maneno kwa ajili ya mpigaji. Kisha aweke kipaza sauti chini. Watu watasikiliza kwa shauku zaidi wakijua kuna kitu ambacho hawataambiwa. Nimejaribu hivyo mara mbili sebuleni kwangu, wazazi wakiwa wamekaa mpaka kwenye ngazi, na ukimya niliousikia sijawahi kuusikia mtoto akipiga kipande cha mtihani.

Hapo nafika kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo nzito. Wazazi wengi wanaoleta watoto wao kwangu swali lao la kwanza ni daraja: atafanya mtihani lini, na mwakani atakuwa daraja la ngapi. Siilaumu mitihani. Mimi mwenyewe niliifanya, na cheti kimoja kimefungua milango mingi kwa vijana ninaowajua. Lakini mtihani hupima kile kinachosikika na kuonekana: nota sahihi, mwendo sahihi, mgongo ulionyooka. Mtoto anayelelewa kwa mtihani peke yake hujifunza kwamba ndani yake hamna kinachotakiwa, kwamba kazi yake ni kutokosea. Nimewaona wakifika daraja la juu, wakapokea cheti, wakafunga piano siku hiyohiyo, na mpaka leo wameweka vyungu vya maua juu yake. Hawakuwahi kuwa na kitu chao mle ndani cha kuwarudisha.

Mtoto aliyepiga Dansi ya Kombo ya kwanza na akaangalia mara mbili alichokiona yeye, anarudi. Anarudi kwa sababu ameacha kitu mle.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu wenzangu, wekeni kwenye ratiba ya kila mwanafunzi walau kipande kimoja kisichokuwa cha mtihani, chenye maneno kama haya, tangu mwaka wa kwanza. Satie ana vipande vya watoto vya mwaka 1913 ambavyo mwanafunzi wa miezi sita anaviweza. Mtafsirieni mtoto maneno, mpigieni mara moja, kisha msimwulize anaona nini. Wazazi, mtoto akipiga nyumbani na mahali fulani akatabasamu au akanuna bila sababu mnayoijua, mwacheni. Msimwite kwa wageni aeleze. Na nyinyi mnaoandaa maonyesho, andikeni kwenye karatasi ya programu jina, mtunzi na mwaka, na mwache ukumbi usikilize.

Satie alifariki Julai 1925. Chumba chake cha Arcueil alikuwa amekiishi miaka 27, na katika miaka yote hiyo hakumruhusu rafiki yeyote kuingia. Walioingia baada ya kifo chake walikuta vumbi, miavuli na makaratasi, na ndani ya makaratasi hayo muziki ambao mwenyewe alidhani umepotea. Watu husimulia habari hiyo kwa mshangao, kama ushahidi kwamba alikuwa mtu wa ajabu. Mimi naiona inafanana na maneno yake. Kila mmoja wetu ana chumba ambacho hakimhusu mgeni, na kutoka chumba hicho ndiko muziki unakotoka.

Binti yule wa Novemba alikaa miezi miwili bila kuja. Sikumfuata. Februari, siku ya Jumamosi, alibisha hodi akiwa na kitabu chake chini ya kwapa, akasalimu shikamoo, akakaa kwenye kiti na kukifungua kwenye walsi ileile. Nilikaribia kumrekebishia taa ndipo nikaona ukurasa. Penseli yangu haikuwepo. Alikuwa ameifuta yote kwa ufutio, mstari baada ya mstari, kwa uangalifu hata karatasi haikuchanika, yakabaki maneno ya Kifaransa ambayo mshereheshaji yeyote wa mji huu angeyaruka.

“Nimeyashika kichwani,” aliniambia.

Akapiga. Mahali pa mfupa alisita kidogo, nukta tu, kama mtu anayegusa kitu kigumu kwa ulimi, kisha akaendelea. Mwisho, pale mtoto anapopiga miguu chini, alipiga laini, tofauti na nilivyomfundisha na tofauti na alivyopiga Novemba. Kwa nini mtoto wake sasa hana hasira, sijui. Nimemwandika kwenye onyesho la mwaka huu, naye ni wa tatu kupanda jukwaani. Kwenye karatasi kutakuwa na jina la walsi, jina la Erik Satie, na mwaka 1913.